Kapu la Maharage na Cherehani za Umeme

Nilijua kushona kabla sijajua kusoma. Mama yangu alikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza ya duka moja kule Kitahana, na mimi nilikuwa nakaa chini ya meza yake, natazama kile kibao cha chuma kikipanda na kushuka. Nilipopata urefu wa kukifikia, akaniambia nikanyage mimi, yeye aongoze kitambaa kwa juu. Aliimba, nikakanyaga. Akifika kwenye kola alipunguza wimbo, nami nikapunguza miguu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wasichana wangu katika chuo cha ufundi Kibondo: wimbo kwanza, mshono baadaye. Ukipita nje ya karakana yetu wakati wa kipindi ungedhani ni mazoezi ya kwaya.

Nayasema haya mapema ili mtu asinicheke kabla hajajua nilikotoka. Kasulu walinicheka sana, na hakuna aliyeuliza kwanza.

Mambo yalianza siku lori lilipotuletea makasha ya mbao. Ndani yake mlikuwa na cherehani za umeme, zile za kiwandani, za kushonea na za kumalizia pindo. Huku kwetu umeme ulikuwa wa majenereta kwa miaka mingi, unawaka ukijisikia, kwa hiyo kuziona cherehani za namna hiyo mlangoni kwetu ilikuwa kama kuletewa mgeni wa heshima. Wasichana walizunguka makasha yale, wakachungulia kwenye nyufa za mbao, wakapiga vigelegele. Mimi nilitafuta nyundo.

“Mwalimu, weka nyundo chini,” mkuu wa chuo akaniambia. Alikuwa mtu mpole, mwenyeji wa mkoa mwingine, na upole wake ulinikera kila alipokuwa na habari mbaya. Akanieleza kwamba makasha hayafunguliwi mpaka awepo mwalimu mwenye cheti cha umahiri, yaani aliyepimwa kwa kazi ya mikono na kuthibitishwa kwamba anaweza kushona kwa mashine za kiwandani na kuwafundisha wengine. Mafunzo yangefanyika Kasulu. Asipopatikana mwenye cheti mpaka mwisho wa muhula, lori litarudi na makasha yatapelekwa kwenye chuo kingine chenye mwalimu tayari.

Nilikuwa na sababu ya kuzitaka cherehani zile. Muhula uliotangulia, binti mmoja niliyemfundisha mwenyewe, mwenye mkono mzuri kuliko wangu, alisafiri mpaka Mwanza kutafuta kazi kwenye karakana ya nguo. Walimkalisha kwenye mashine ya umeme, wakamtazama anavyohangaika, wakamwambia arudi akishajifunza. Alirudi Kibondo na begi lake, akaja kunisalimia, hakunilaumu hata kidogo. Iliniuma zaidi kwa sababu hakunilaumu. Tangu hapo nikisikia mtu anasema wasichana wetu hawana ujuzi, napandwa na hasira.

Basi nikaenda Kasulu. Tulikuwa walimu wa ushonaji kutoka wilaya mbalimbali, na asubuhi ya kwanza baridi ilikuwa kali kiasi kwamba watu walishika vikombe vya chai bila kunywa. Mkufunzi wetu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam aliyefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha nguo, amevaa koti zito kama anakwenda kuchunga ng'ombe usiku. Kando yangu alikaa mwalimu kutoka Kakonko, mzee kidogo kunizidi, mwembamba, mwenye maneno. Nikamwambia kwamba Kakonko ilikuwa sehemu ya wilaya yetu ya Kibondo, wakakua wakahama bila kuaga. Akajibu kwamba mtoto akiona nyumbani hakuna chakula hana budi kuhama. Tukawa ndugu kuanzia hapo.

Sehemu ya kompyuta haikunisumbua. Tulifundishwa kuchora ruwaza za mashati kwenye kishikwambi, kuzikuza na kuzipunguza kwa saizi, kurekodi somo fupi kwa simu ili mwanafunzi alirudie nyumbani. Mkufunzi alidhani sisi wa milimani tutaogopa. Mwanamke anayejua kutoa gauni la harusi kwenye kitenge kisichotosha ataogopa kioo? Siku ya pili nilikuwa namwelekeza mwenzangu wa Kakonko mahali pa kubonyeza, na yeye alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja kilichonyooka kama anatuhumu mtu.

Kilichonishinda kilikuwa chini ya meza.

“Mama'angu, usikanyage,” mkufunzi aliniambia nilipoketi mara ya kwanza. “Gusa tu. Hii mashine haitaki nguvu.”

Nikagusa. Mashine ikanguruma, kitambaa kikaondoka mikononi mwangu, kikafika upande wa pili kabla sijafumba mdomo. Kwa mtu asiyejua, nieleze. Cherehani ya miguu inakwenda kwa sababu wewe unakwenda: unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, na ukisimama inasimama. Ile ya umeme ina pedeli moja, inataka mguu wa kulia utulie juu yake, uegemee kidogo tu, na mota ndiyo ifanye kazi. Mguu wangu ulikataa kutulia. Ulipanda na kushuka kama ulivyofundishwa Kitahana, na kila uliposhuka mashine ilirukia mbele, na kila ulipopanda ikakwama. Mshono wangu ulikuwa unakwenda kama mlevi anayetoka kilabuni.

“Mama, unaendesha baiskeli?” mkufunzi akauliza. Darasa zima likacheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alitoka Kakonko.

Nilijitahidi. Nilijaribu kukaza goti, nikapata maumivu ya kiuno. Nilijaribu kuacha kuimba moyoni, nikajikuta sijui nashona nini, kwa sababu bila wimbo sioni kona inakuja. Nilijaribu kufunga mguu kwenye kiti kwa mtandio, nikasahau, nikasimama kumsalimia mkuu wa chuo cha pale Kasulu aliyeingia ghafla, nikaanguka na kiti. Wenzangu walikuwa wanaimarika siku hadi siku. Mazoea yana taabu, watu husema, na mimi nilikuwa na mazoea ya umri mzima.

Kipimo kikafika siku ya Ijumaa. Mtahini alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliyeletwa kutoka nje ya mkoa ili asimjue mtu yeyote. Kila mmoja alipaswa kushona shati la shule, la kiume, lenye kola na mfuko. Kanuni ya usalama tuliyofundishwa mara nyingi ilikuwa hii: umeme ukikatika, inua mguu, zima swichi, ndipo uanze kulalamika.

Nilianza vizuri. Nilikuwa naenda polepole, nameza mate, na mbavu za shati zilikuwa zimekaa. Nikafika kwenye mfuko. Hapo umeme ukakatika.

Wenzangu wote waliinua miguu, wakazima swichi. Mimi sikujua kama umeme umekatika. Mtu aliyekulia kwenye cherehani ya miguu umeme unamhusu nini? Sauti ilipokwisha nilidhani nimekanyaga kidogo mno, nikaongeza. Mguu ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, na mimi nimeinama naongoza kitambaa ambacho hakiendi popote, nikishangaa mbona mfuko huu mrefu. Nilipoinua macho niliona karakana nzima imenyamaza, inanitazama. Na hapo hapo, mguu ukiwa chini kabisa, umeme ukarudi.

Sijui nieleze vipi. Mashine ilikimbia na shati. Ilishona mfuko, ikavuka, ikakamata mkono wa shati, ikaupeleka mpaka kwenye kola, na nilipofanikiwa kuzima swichi nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho hakina mahali pa kupitisha kichwa. Mwenzangu wa Kakonko alijiziba mdomo kwa futi yake ya kupimia. Mtahini akaja, akavaa miwani, akalishika shati kwa vidole viwili, akaligeuza.

“Hili linavaliwaje?” akauliza. Alikuwa anauliza kweli.

Nilitaka kumjibu vibaya, na nashukuru machozi yaliwahi kabla ya maneno. Akaniambia kwamba sikufaulu, lakini kanuni inaruhusu kurudia mara moja, na kwa kuwa yeye anaondoka Jumatatu mchana, nitarudia Jumatatu asubuhi. Nikishindwa hapo, nisubiri mafunzo mengine, na mafunzo mengine hayakuwa na tarehe. Lori la makasha lilikuwa nayo.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nilimweleza kila kitu, nikitegemea anipe pole. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema kwa upendo kabisa, “Rudi nyumbani, mwanangu. Ya miguu ipo, haijaharibika.” Hakujua jinsi neno lile lilivyonichoma. Niliona wasichana wangu wote wakirudi kwenye ya miguu, na yule wa Mwanza akipita mbele ya karakana na begi lake. Nikamuaga mama, nikaenda kulala bila kula, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini mpaka leo.

Jumapili nikaenda kanisani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kupeleka hasira. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, watu wamekuja na sadaka za shambani: mikungu ya ndizi, muhogo, mahindi, kuku waliofungwa miguu wakilalamika katikati ya sala. Kanisa lilijaa mpaka milangoni. Nilibanwa kwenye benchi kando ya bibi mmoja mkubwa wa mwili, amejifunga vitenge viwili. Tuliposalimiana alinipigia makofi taratibu kama desturi ya kwetu, “Mwakeye, mwakeye,” nami nikainama nikapiga ya kwangu, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto na za mashamba mpaka kwaya ikaanza. Kisha akalichukua kapu lake la maharage, kubwa, limejaa, akatafuta mahali pa kuliweka. Akaliweka juu ya mguu wangu wa kulia.

Mtu wa mahali pengine angesema, “Samahani bibi, mguu wangu.” Jambo dogo. Lakini mimi ni Muha niliyelelewa Kitahana, na mtu aliyekusalimia vile, mwenye umri wa mama yako, amebeba sadaka, humwambii kwamba kapu lake limekosea mahali. Mimi niliyekuwa tayari kugombana na mtahini wa serikali nilishindwa kumwambia bibi mmoja asogeze maharage. Nikamwomba Mungu ibada iwe fupi, na Mungu akaleta kwaya tatu.

Kwaya ya pili ilikuwa ya akina mama, na ngoma yao ilikuwa na mwendo uleule wa nyimbo za mama yangu. Kanisa zima likaanza kukanyaga. Mguu wangu wa kulia ulitaka kuingia, ukashindwa. Maharage yalikuwa mazito. Ndipo nikasikia mguu wa kushoto umeanza wenyewe. Unapanda, unashuka, kisigino chini, kidole chini, na wimbo uko palepale kichwani, sijapoteza hata kipigo kimoja. Nikautazama wa kulia. Umelala chini ya kapu kama mtoto aliyeshiba.

Nikasema “Haleluya” kwa sauti mahali ambapo hapakuwa na haleluya. Watu waligeuka. Bibi akanishika mkono, akadhani nimeguswa na mahubiri ambayo yalikuwa hayajaanza.

Nilitoka kanisani nachechemea, mguu umekufa ganzi, na sijawahi kufurahi hivyo. Nikamfuata bibi mpaka nje, nikamshukuru. Aliuliza ninamshukuru kwa lipi, nikamwambia kwa kukaa karibu naye, na ilikuwa kweli. Kutoka hapo nilipita sokoni nikanunua maharage ya kutosha kifuko, nikarudi chuoni kumtafuta mkufunzi. Nilimkuta anaanika soksi.

“Kijana wangu, nifungulie karakana.”

“Leo Jumapili, mama'angu. Hata Mungu alipumzika.”

“Alipumzika akiwa amemaliza kazi yake. Mimi yangu bado.”

Akafungua. Nadhani aliogopa uso wangu. Nikashona kifuko cha maharage kwa mkono, nikakaa kwenye mashine, nikaweka mguu wa kulia kwenye pedeli na kifuko juu ya kiatu. Kisha nikaimba, na mguu wa kushoto ukaanza kukanyaga sakafu. Mashine ikaondoka taratibu, haikuruka wala kukwama. Nikaenda moja kwa moja, nikapinda, nikazunguka duara. Mwenzangu wa Kakonko alisikia sauti, akaja kuchungulia, akaita wengine. Safari hii hakuna aliyecheka. Baadaye niliondoa kifuko, na mguu ukatulia bila kulindwa. Siri ilikuwa ndogo sana: miguu yangu ilikuwa inadai kazi, na mmoja ukishapewa, mwingine unakubali kukaa.

Jumatatu asubuhi mtahini alinikalisha mbele kabisa. Nilishona shati lile huku mguu wa kushoto ukigonga saruji, tap, tap, tap, na midomo yangu ikitembea kidogo. Nikafika kwenye mfuko. Mashine ikazimika.

Mguu wa kulia ulikuwa juu kabla sijafikiri. Nikazima swichi, nikaweka mikono mapajani. Nilipotazama ukutani nilimwona mkufunzi amesimama kwenye swichi kuu, uso wote umejaa aibu, na mtahini amemwinulia kidole kumwambia asubiri. Yule mama alikuwa amenizimia umeme kwa makusudi! Ningekuwa na hasira siku nyingine. Siku ile nilitaka kumkumbatia.

Akasogea, akainama, akatazama chini ya meza. Wa kushoto ulikuwa bado unaendelea, tap, tap.

“Na huo mguu mwingine unafanya nini?”

“Unaimba, mama.”

“Umeme umekatika. Uambie upumzike.”

“Huo ukipumzika, mama, wa kulia utaanza.”

Tumbo lake likaanza kutikisika, akaketi kwenye kiti cha jirani, akavua miwani, akacheka akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa changu cha mtihani. Nilimaliza shati, likawa shati, lenye mahali pa kupitisha kichwa. Sehemu ya kufundisha wakaniletea mwanachuo wa ualimu ambaye hajawahi kugusa sindano. Nilimwekea kifuko cha maharage juu ya kiatu, nikamwambia aimbe wimbo wowote anaoujua. Akachagua wa redioni, wa vijana, wa kuruka ruka, na mshono wake ukaenda kwa staili hiyo, lakini ulinyooka. Mtahini aliandika huku anatingisha kichwa. Kabla hajaondoka, aliuliza maharage yale ni ya aina gani, nikamwambia yanaiva haraka.

Nilirudi Kibondo na cheti kwenye bahasha ngumu, nimekishika mapajani njia nzima, sikukubali hata kukiweka kwenye begi. Mkuu wa chuo alipokisoma alikwenda mwenyewe kuleta nyundo. Tulifungua makasha siku hiyo hiyo, wasichana wakaning'inia kwenye mbao kama wanavunja nyumba. Nilimtuma mtu amwite binti wa Mwanza. Alikuja kwa pikipiki, akakaa kwenye mashine ya kwanza, nikamwekea kifuko changu cha Kasulu. Hakukihitaji muda mrefu.

Mama naye alikuja kutoka Kitahana kuona. Alizunguka zile mashine, akazigusa kwa mgongo wa mkono kama anapima homa, akakaa. Nilimwambia aguse tu. Akagusa, mashine ikanguruma, akapiga kelele na kurudi nyuma na kiti chake. “Hii haina subira,” akasema. Lakini alirudi tena, na alipoondoka jioni alikuwa ameshona pindo la kitenge chake mwenyewe, na pale stendi akawa anawaomba watu waliangalie lile pindo.

Mwisho wa muhula lori lilikuja. Barua ya kulizuia sijui ilikwama wapi. Dereva alikuwa na agizo lake la kuchukua makasha na hakuwa amesikia lingine. Alipoegesha mbele ya karakana alisikia kelele za mashine, na chini yake miguu ya kushoto inagonga sakafu kwa pamoja, na juu yake wasichana wanaimba. Akasimama mlangoni.

“Mama, mna sherehe?”

“Tuna kipindi,” nikamwambia.

Mkuu wa chuo alimwonyesha cheti. Dereva alikisoma chote, akatazama mashine zinazofanya kazi, akakuna kichwa. Mfuko wa shati lake ulikuwa umechanika, unaning'inia, na binti wa Mwanza, ambaye haombwi kufanya kitu mara mbili, akamwambia avue. Akabaki na fulana barazani, anakunywa chai yetu, na kabla hajamaliza kikombe shati lilikuwa limerudi na mfuko uliosimama sawasawa. Akaupapasa mara kadhaa. Kisha akaingia kwenye gari, akaligeuza, akashika njia ya kurudi, na lile bodi tupu likawa linagongagonga mpaka lilipopinda kona.

Nilisimama barazani nikilisikiliza. Nyuma yangu wasichana hawakuwa wameacha kuimba. Nikahisi kitu chini, nikatazama: mguu wangu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka kwenye saruji, kwa nguvu, kama ulivyofundishwa Kitahana chini ya meza ya mama. Hakukuwa na pedeli chini yake wala kitambaa cha kuharibu. Nikauacha ukanyage.